Programu ya Marekani, kiwanja cha Uyole

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dada wa Uyole, Mbeya. Nimesomea uchoraji wa ramani za majengo na sasa nawachorea watu nyumba za kuishi. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4, na programu niliyo nayo imetengenezwa kwa nyumba za Marekani. Kuta zinatoka za mbao, paa linatoka na vigae ambavyo huku hatutumii, kiwanja kina mteremko lakini nyumba inaelea hewani, na nikichapisha pale steshenari rula inakataa. Fundi wa mteja wangu wa mwisho amesema ramani ni nzuri ila haijengeki. Nibadili programu au kuna ujanja?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Programu usiibadili kwanza. Ukihamia nyingine utayakuta hayo hayo. Chief Architect, SketchUp na Revit ni za Marekani, ArchiCAD ni ya Hungaria, na Sweet Home 3D, ile ya bure, imetoka Ufaransa. Kila moja inakuja na mazoea ya kwao: unene wa ukuta, aina ya paa, ukubwa wa karatasi, hata upande ambao jua linapita. Ichukulie kama fundi mgeni aliyeshuka leo stendi ya Nane Nane: kazi anaijua, ila tofali la huku hajawahi kulishika.

Wachoraji chipukizi wengi wanachora nyumba nzima kwa mipangilio iliyokuja na programu, halafu ndipo wanaanza kurekebisha ukuta mmoja mmoja na dirisha moja moja. Unarekebisha kumi, la kumi na moja linakuponyoka, na hilo ndilo fundi atakaloliona. Tenga siku moja isiyo na mteja. Fungua faili tupu, weka vipimo viwe milimita na karatasi iwe A3, tengeneza kuta zako, milango yako, madirisha yako na mteremko wa paa lako, kisha lihifadhi faili hilo likiwa tupu hivyo hivyo liwe kiolezo. Kila kazi mpya ianzie hapo. Huo ndio ujanja mkubwa kuliko yote nitakayokuambia, na mengine yanayofuata ni maelezo ya kitu gani cha kuweka ndani ya kiolezo hicho.

Tuanze na ukuta. Ule wa mbao unaouona ni fremu ya mbao iliyofunikwa ubao wa gipsamu, na ule wa ndani ya nyumba una unene wa kama milimita 114 tu. Ufute kwenye orodha usije ukakurudia. Tengeneza ukuta wa bloku la inchi 6: milimita 15 za plasta, 150 za bloku, 15 za plasta, jumla 180. Tengeneza na wa inchi 5. Programu zenye kuta za matabaka zitakuuliza tabaka lipi ndilo kiini. Chagua bloku, kisha agiza vipimo vyote vianzie kwenye uso wa bloku. Watu wanapita hapa haraka sana. Siku fundi anapovuta kamba kwa ajili ya msingi, plasta haipo. Ukimpa vipimo vilivyoanzia kwenye plasta, kila chumba kitamletea tofauti ya sentimita tatu, na nyumba yenye vyumba vitano kwa mstari haitafunga. Hapo lazima aseme haijengeki.

Sweet Home 3D haina matabaka. Inakupa unene mmoja tu, na urefu wa ukuta inaupima katikati ya ukuta. Kwa hiyo ukichora chumba cha milimita 3,600 kwa kuta za 150, kutoka bloku hadi bloku utapata 3,450, na plasta ikiingia zinabaki 3,420. Ukiitumia hiyo, weka mistari ya vipimo kwa mkono kutoka uso hadi uso, usitegemee namba inayojitokeza wakati unavuta ukuta.

Matofali ya kuchoma ni habari nyingine. Huku kwetu, kuanzia Iringa na Njombe mpaka Tukuyu, nyumba nyingi zinajengwa nayo, na kila mfyatuaji ana kalibu yake. Hakuna namba ninayoweza kukupa itakayokufaa Uyole na Mafinga kwa pamoja. Mwulize mteja anakonunulia, nenda kwenye lundo lenyewe, panga matofali kumi kwa mstari, pima urefu wote, gawa kwa kumi. Fanya hivyo kwa urefu, kwa upana na kwa kimo. Namba hizo tatu ziingize kwenye ukuta mpya na uupe jina la mahali tofali lilikotoka ili mwaka ujao usijiulize lilikuwa lipi.

Bado kuna kimo, ambacho wachoraji hawakijali na mafundi hawakisahau. Bloku lililosimama inchi 9, pamoja na saruji ya kuunganishia, linakupa kozi, yaani mstari mmoja wa bloku, ya milimita 240 hadi 245. Kozi tisa zinafika karibu 2,180. Programu ya Marekani inakuwekea kichwa cha mlango kwenye milimita 2,032, yaani futi 6 na inchi 8, kimo cha mlango wa kawaida wa kwao. Gawa kwa kozi uone: ni kozi nane na kipande. Fundi atafanya nini na hicho kipande? Ama atakata bloku pembeni mwa kila mlango, ama atapandisha lenta, ile boriti ya juu ya mlango, mwenyewe, na akipandisha, mwonekano uliomwonyesha mteja umeshakuwa uongo. Weka vichwa vya milango na madirisha vyote viishie kwenye kozi kamili, na kizingiti cha dirisha nacho kianzie kwenye kozi kamili. Madirisha ya maktaba ya programu ni yale ya kupandisha na kushusha; tengeneza yako manne au matano ya aluminiamu ya kusukuma, na grili ichorwe humo humo, maana mteja wa Mbeya ataiuliza tu.

Sasa mteremko, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mji wetu umelala kwenye vilima na sehemu kubwa ya pesa ya mteja inazama chini ya jamvi, ile sakafu ya zege.

Nyumba inaelea kwa sababu programu imechukulia ardhi ni meza. Nyingine zinafanya vibaya zaidi: ukishaweka mteremko, zenyewe zinalisawazisha eneo lote chini ya nyumba bila kukuuliza, na kwenye picha kila kitu kinaonekana kimekaa vizuri. Tafuta huo usawazishaji kwenye mipangilio ya ardhi uuzime. Unataka kuiona nyumba ikiwa imeng'ang'ania kilima kama itakavyokuwa kweli.

Lakini mteremko wenyewe unautoa wapi? Usiuvute kutoka kwenye intaneti. Data nyingi za bure za miinuko zina nukta moja kila mita 30 hivi, na kiwanja cha mita 20 kwa 30 chote kinaingia ndani ya nukta moja. Programu itakuchorea mteremko laini wa kupendeza ambao haupo. Chukua mpira wa maji mwembamba unaopitisha mwanga, wa mita 20 au zaidi, uujaze maji taratibu mpaka viputo vyote viishe, tafuta mtu wa kukushikia ncha ya pili. Kwanza kabisa ziwekeni ncha mbili pamoja: maji yakilingana, mpira uko sawa, yasipolingana, kuna kiputo mahali. Kisha mmoja asimame kwenye kona ya juu na fito yenye alama za sentimita, mwingine aende kona ya chini na fito yake. Maji yakitulia, kila mmoja asome. Ukisoma 62 juu na mwenzako akasoma 148 chini, ardhi ya chini iko sentimita 86 chini ya ile ya juu. Andika. Nenda nukta inayofuata. Pembe nne za kiwanja, pembe nne za nyumba, na nukta chache katikati, hasa pale ardhi inapovunjika ghafla au palipo na kichuguu. Ncha ya juu ibaki palepale muda wote, ndiyo sifuri yako ya muda.

Nukta hizo ziingize kama zilivyo. Programu ikitaka mistari ya miinuko, iachie iitengeneze yenyewe kutokana na nukta zako. Kwenye ArchiCAD utatumia meshi, kwenye SketchUp zile zana za ardhi, kwenye Revit za kuanzia toleo la 2024 ni ardhi nene inayoitwa Toposolid. Sweet Home 3D haina zana ya ardhi inayofaa kwa kazi hii. Humo chora nyumba tu, na mchoro wa mkato wa mteremko, yaani nyumba na ardhi zikionekana kama zimekatwa kwa kisu, ufanye pembeni kwa programu ya mistari mitupu kama LibreCAD, au hata kwa mkono kwenye karatasi ya gridi. Halmashauri na fundi wanataka mkato ulio sahihi. Hawajali umetoka wapi.

Kisha amua sifuri ya kudumu. Mimi naiweka kwenye sakafu iliyomalizwa ya mlango wa mbele, na ardhi yote ninaiandika kwa hasi kutoka hapo. Baada ya hapo kata nyumba mara tatu kwa kufuata mteremko: ubavu wa kushoto, katikati, ubavu wa kulia. Chukua mfano wa nyumba ya mita 14 kwa 9 kwenye mteremko wa moja kwa kumi. Ukiilaza ule urefu wa mita 14 kufuata mteremko, tofauti ya ardhi ni mita 1.4. Ongeza sentimita 30 za kuinua sakafu upande wa juu, upande wa chini unajenga msingi wa mita 1.7 juu ya ardhi, karibu kozi saba ambazo mteja hakuziona kwenye picha. Igeuze nyumba ile ile, mita 14 zilale kukingama mteremko, tofauti inashuka hadi mita 0.9. Umeokoa nusu mita ya msingi na kifusi cha kujazia kwa kuzungusha mchoro tu. Kama kiwanja ni chembamba na hakigeuziki, vunja sakafu iwe na ngazi tatu ndogo kati ya sebule na vyumba. Ngazi tatu za milimita 150 zinakula sentimita 45. Wateja wengi wanaogopa ngazi za ndani mpaka waione bei ya msingi.

Ngazi za msingi nazo zishuke kwa kozi kamili, ile hesabu ya 240. Na upande wa juu wa nyumba chora mtaro wa kukusanya maji. Mvua za huku zinaanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, na maji ya jirani wa juu yataingia msingini kwako usipoyaonyesha njia kwenye karatasi.

Kuna tatizo la kiwanja ambalo hukuliuliza lakini litakukuta ukianza kupokea viwanja vilivyopimwa. Mpima ardhi akikupa koodineti za bikoni, yale mawe ya mipaka, utaona namba ndefu, kwa Mbeya mjini kama 549,000 kwa mashariki na 9,016,000 kwa kaskazini. Mbeya, Njombe na Iringa mjini ziko kanda ya 36 Kusini ya UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda za ramani. Ukivuka nyuzi 36 za mashariki, kidogo tu baada ya Iringa, unaingia ya 37. Ukizipiga namba hizo moja kwa moja, kiwanja kinakaa kilomita maelfu kutoka sifuri ya programu, na programu za 3D hazipendi: mistari inatetemeka, kona za kuta hazishikani, ukizungusha picha nyuso zinamemeta. Watu wanalaumu laptopu. Dawa ni kuchagua bikoni moja iwe sifuri, toa thamani yake kwenye bikoni nyingine zote, na zile namba ulizotoa ziandike kwenye kona ya karatasi.

Na ukiweka picha ya setilaiti chini ya bikoni hizo ukaona kiwanja kimeangukia mtaa wa pili, usimpigie mpima kelele. Ramani nyingi za upimaji hapa nchini zimefungwa kwenye mfumo wa Arc 1960, wakati Google Earth iko kwenye WGS84, na tofauti ya mifumo hiyo miwili kwetu ni karibu mita 300. Programu ya bure ya QGIS inaibadili vizuri. Kama huna muda, tumia picha kuona barabara na majirani tu, mipaka ichukue kwenye hati.

Jua. SketchUp mpya ukiifungua inaamini iko Boulder, Colorado, ambako jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Weka mahali pako: Mbeya ni latitudo 8.9 Kusini na longitudo 33.45 Mashariki, saa za UTC+3, na ile ya kusogeza saa majira ya joto izimwe. Programu zinazotaka namba tupu, kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Ukiisahau utakuwa umehamishia nyumba ya mteja Sudan Kusini, na vivuli vyote vitageuka.

Ukishaweka sawa, fungua tarehe 21 Juni. Jua la mchana Mbeya linakuwa upande wa kaskazini, nyuzi kama 58 kutoka upeo. Tarehe 21 Desemba liko kusini, nyuzi 75 hivi, karibu utosini. Na usishangae kivuli kifupi kabisa kisipotokea saa sita kamili; sisi tuko mbali magharibi ya mstari wa saa zetu, kwa hiyo jua letu linafika katikati karibu na saa saba kasoro robo. Jambo la kushika hapa ni kwamba Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya baridi yetu, miezi ambayo watu wanaingiza jiko la mkaa sebuleni na kufunga madirisha, hatari tunayoijua sote. Sebule yenye madirisha makubwa upande wa kaskazini inapokea jua miezi hiyo hiyo. Ramani za kupakua za Marekani zilizochorwa kufuata jua zinapeleka vioo vikubwa kusini, na wachoraji wanazinakili hivyo hivyo.

Jaribu na upana wa paa linalotokeza nje ya ukuta. Chukua dirisha la kuanzia mita 0.9 hadi 2.1, na ukingo wa paa uko mita 2.7. Ukitokeza milimita 600, mchana wa Juni kivuli kinaishia mita 1.74, nusu ya chini na zaidi ya dirisha inapata jua. Ukitokeza 900, kivuli kinashuka mpaka 1.26 na jua linabaki kipande kidogo chini. Kwa Mbeya mjini na Iringa mimi ningechukua 600 upande wa kaskazini. Kwa Tukuyu, ambako mvua ya mwaka inapita milimita 2,000, ningechukua 900 pande zote bila kubishana na jua. Hakikisha tu kaskazini ya programu ni kaskazini ya kiwanja: ukiizungusha nyumba ili ikae vizuri kwenye karatasi, programu itaendelea kuamini juu ya karatasi ndiko kaskazini mpaka uiambie vingine.

Kwenye paa, futa vigae, weka bati, na uangalie programu inataka mteremko kwa lugha gani. Ya Marekani inaandika kupanda kwa inchi 12: 6 kwa 12 ni nyuzi 26.6, na 8 kwa 12 ni nyuzi 33.7. Nyingine zinataka asilimia, na asilimia 30 ni nyuzi kama 17 tu. Nimeona paa lililolala sana likachapishwa kwa sababu mtu alidhani ni kitu kimoja. Eneo la kununulia bati lichukue kwenye uso wa paa wenyewe. Kama programu inakupa eneo la paa likitazamwa kutoka juu, pamoja na sehemu inayotokeza nje ya ukuta, zidisha kwa 1.10 ikiwa mteremko ni nyuzi 25, kwa 1.155 ikiwa ni nyuzi 30, halafu hesabu mabati uso kwa uso kwa upana unaofunika, kwa sababu paa la pande nne linakula vipande vingi kwenye pembe.

Orodha ya mbao inayotolewa na programu itupe. Inadhani mbao ni ndefu kadiri unavyotaka. Huku mbao za Sao Hill unazinunua kwa futi 12, mita 3.66. Nyumba ya upana wa mita 9, paa nyuzi 25, limetokeza milimita 600: mbao ya mteremko inakuwa na mita 5.6. Kwenye skrini ni kijiti kimoja kizuri. Kwa fundi ni mbao mbili zenye kiungo, na kiungo hicho kinatakiwa kikae juu ya nguzo ya kenchi. Zima kenchi za programu, chora moja kwa mistari ya kawaida kama mafundi wa kwenu wanavyozifunga, onyesha kiungo kiko wapi, weka nakala yake kwenye kiolezo. Paa la kufichwa nyuma ya ukuta, ambalo kila mteja analitaka siku hizi, programu inalichora kwa kubofya mara mbili. Kwa Rungwe ningemshauri mteja aliache. Mfereji uliofichwa ukiziba majani siku ya mvua kubwa, maji yanarudi darini.

Uchapishaji. Programu yako inatengeneza karatasi ya Letter, milimita 216 kwa 279, na printa ya steshenari ina A4 ya 210 kwa 297 au A3. Kijana wa pale anabofya ile ya kulingana na karatasi, mchoro unasinyaa asilimia chache, skeli imekufa. Usimpelekee faili la programu kabisa. Toa PDF mwenyewe ikiwa tayari A3, mwambie achapishe ukubwa halisi, asilimia 100. Kwenye kila karatasi chora mstari wa skeli wa mita 5. Kwa 1:100 lazima uwe milimita 50 kamili. Uweke rula juu yake kabla hujalipa. Nyumba ya mita 14 kwa 1:50 ni milimita 280, inaenea A3 ikiwa imelala, na hiyo ndiyo skeli ninayompa fundi. Kwa kibali, ulizia ofisi ya halmashauri wanataka skeli gani na nakala ngapi kabla hujapanga karatasi.

Laptopu yako inatosha. Kinachoiua ni masofa, magari na miti uliyopakua. Mti mmoja wa 3D unaweza kuwa mzito kuliko nyumba yote. Tumia miti bapa, samani ziweke kwenye faili la pembeni uzilete siku ya picha tu, zima vivuli wakati unachora, punguza picha za rangi na vigae ziwe pikseli 1,024 au chini, na safisha vitu visivyotumika kila mwisho wa siku. Kurenda, yaani kutoa picha inayofanana na ya kamera, anza usiku, skrini ndogo, mwanga mchache.

Umeme ukikatika: AutoCAD inaacha faili la .bak, libadili jina liwe .dwg litafunguka. SketchUp inaacha faili la akiba pembeni; kwa matoleo ya zamani ni .skb, ibadili iwe .skp. Revit inaweka nakala zenye namba pembeni ya faili lako. Sweet Home 3D ina sehemu ya kuhifadhi yenyewe kwa ajili ya kuokoa kazi, iwashe na upunguze dakika. Pamoja na hayo, kila asubuhi hifadhi kwa jina jipya lenye tarehe, na nakala moja ikae kwenye flashi isiyochomekwa muda wote. Ukibadilishana mafaili na wenzako, kubalianeni toleo: Revit haiwezi kuhifadhi kwa toleo la nyuma, hata ukiomba vipi. Faili la AutoCAD, yaani DWG, linaweza, chagua toleo la zamani kidogo.

Kuhusu programu za kupewa na rafiki zilizovunjwa kufuli, nitasema mara moja tu: siku utakapopeleka faili kwa mbunifu majengo aliyesajiliwa na AQRB, bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, ili alipitie na kulisaini, hutaki libebe virusi wala ligome kufunguka. Kama bado una uanafunzi wa chuo, Autodesk na Graphisoft wana leseni za bure za masomo, ila hizo ni za kujifunzia, hazikuruhusu kumtoza mteja. Kwa kazi za kulipwa bila mtaji, Sweet Home 3D pamoja na LibreCAD zinakutosha kwa nyumba ya chini. Ghorofa ni kazi ya kupita kwa mhandisi, programu yoyote utakayokuwa nayo.

Kwa mteja wako wa sasa, usianze upya. Tengeneza ukuta mpya wa bloku, kisha chagua kuta zote za aina ile ya zamani kwa pamoja uzibadilishe kwa mkupuo. Programu karibu zote zinaruhusu kuchagua kwa aina. Kabla ya kubofya, amua uso upi ubaki palepale. Kwa kuta za nje shikilia uso wa nje, la sivyo nyumba itanenepa kuelekea mpaka wa jirani. Za ndani shikilia katikati. Ukimaliza, pita chumba kwa chumba ukipima upya choo, bafu na korido, maana huko ndiko sentimita chache zinakouma. Korido iliyokuwa mita moja inaweza kushuka chini ya hapo. Pandisha vichwa vya milango kwenye kozi ya tisa. Kapime mteremko kwa mpira, ukate ile mikato mitatu, uichapishe A3 kwa 1:50 na umpelekee yule fundi pamoja na kalamu nyekundu, kabla hujachapisha nakala za halmashauri.